Pafu la Filimbi

2 Machi

Leo pikipiki imeingia sebuleni. Banda la uani limeanza kuvuja na mvua ndiyo kwanza inaanza, kwa hiyo shemeji alifungua milango yote, akaisukuma ndani na kuisimamisha kati ya kochi na meza ya televisheni. Akatandika magunia chini yake. Mimi nilikuwa ndiyo narudi kutoka zamu kiwandani, unga mpaka kwenye kope, na nilipouliza nani kampa ruhusa, akanielekeza kwa kidevu. Mama mkwe alikuwa kwenye kiti chake karibu na mlango, mikono mapajani.

"Mimi nimemruhusu, mwanangu," akasema. "Kitu cha marehemu hakiachwi kiozee nje."

Naandika kwa sababu nyumba hii haina mtu wa kumlalamikia. Watu wote wawili ninaoishi nao wako upande wa pikipiki.

3 Machi

Mvua. Nimejigonga goti kwenye kiki ya pikipiki nikienda kufungua dirisha.

5 Machi

Acha nieleze mambo yalivyo, maana huenda siku moja nikasoma haya nikiwa nimesahau.

Mume wangu alikufa mvua za mwaka jana akiwa juu ya pikipiki hii, kwenye barabara inayopanda mlima nyuma ya mtaa wetu. Gurudumu la nyuma lilikwama ghafla akiwa kasi. Askari wa barabarani aliandika utelezi, na kwa kuwa tope lilikuwa kila mahali, hakuna aliyebisha. Nilimzika, nikarudi kazini kwenye tanuri la mikate, nikaifunika pikipiki kwa turubai na kusubiri mnunuzi wa vyuma chakavu apite. Hakupita, au alipita nikiwa kazini.

Pikipiki yenyewe si ya kawaida. Mume wangu aliifungia supachaja aliyoitoa kwenye gari bovu. Ni chombo cha ukubwa wa sufuria ndogo, kinazungushwa na mkanda wa injini yenyewe, kinavuta hewa na kuisukuma ndani kwa nguvu ili injini ipate pumzi zaidi ya ile iliyozaliwa nayo. Yeye alikiita pafu. "Nimeipa pafu la pili," alikuwa akiwaambia watu, kifua mbele. Pafu hilo likizunguka kwa kasi lilitoa sauti nyembamba, ndefu, na ndiyo iliyompa jina mtaani. Aliitwa Filimbi, na mimi nikawa mke wa Filimbi. Humu ndani tulikuwa na neno letu wenyewe. Alipokuwa akirudi kutoka kazini alizunguka kwanza mlimani, na sauti ikishapanda mpaka kileleni ikatulia kule juu, tulisema inaimba. Mama alikuwa hagusi chakula cha jioni mpaka iimbe.

Shemeji ni mdogo wake, fundi wa pikipiki kwenye gereji ya stendi. Amehamia kwetu kwa sababu chumba alichopanga kimeingia maji. Ni mpole, si msemaji, anakula chochote anachowekewa. Sikuwahi kumfikiria sana.

9 Machi

Injini imefunguliwa. Pistoni ilikuwa imeganda ndani ya silinda na ilitoka kwa nyundo na kipande cha mbao, shemeji akigonga, mimi nikihesabu vikombe vyangu kabatini kila vinapotikisika. Ilipotoka tukaona ina tundu juu, kidole changu cha mwisho kinapita. Kingo za tundu lile zilikuwa laini, zimetiririka kidogo na kuganda kama nta ya mshumaa.

"Oili iliisha," shemeji akasema haraka, kabla sijauliza. Akaifunga kwenye kitambaa na kuitia mfukoni. Nilishangaa kidogo kwa nini mfukoni, wakati kila kitu kingine kinatupwa kwenye beseni langu la kufulia.

10 Machi

Nimedai beseni langu. Nimepewa ndoo.

14 Machi

Leo Mama ameniambia kwa nini anaitaka pikipiki ile. Nilikuwa namsugua miguu kwa mafuta, maana mvua zikija magoti yake yanakataa kazi.

"Siku ile nilikuwa nimekunywa dawa ya miguu," alisema. "Nikalala. Sikumsikia akiondoka. Niliamka nyumba imejaa watu."

Nikaendelea kusugua.

"Siombi arudi. Nina akili zangu. Naomba nimsikie akipanda, mara moja tu, afike. Nikishaisikia ikiimba nitajua amefika, nami nitatulia."

Mwaka mzima nimekuwa nikidhani mama huyu ananilaumu mimi kwa ukimya wake. Kumbe alikuwa anasikiliza. Nimeona aibu, na nimeamua kuacha kulalamika kuhusu sebule, angalau kwa sauti.

18 Machi

Nimekuwa mshika tochi. Umeme unakatika kila ikinyesha, na shemeji hawezi kushika tochi, spana na nati kwa mikono miwili. Ananifundisha bila kujua kwamba ananifundisha. Leo tumesaga vali. Unapaka dawa yenye chenga kwenye ukingo wa vali, unaisugua mahali pake kwa kijiti ukikizungusha kati ya viganja, kulia, kushoto, unainua, unasikiliza. Mwanzoni inakwaruza. Ikianza kunong'ona imekaa vizuri. Nilisaga ya pili mwenyewe, naye akaitazama kwenye mwanga na kusema, "Shemeji, ungezaliwa mwanamume gereji ingekuwa yako." Nikamwambia gereji ingekuwa yangu hata hivi, kama si mikate. Alicheka. Sikuwahi kumsikia akicheka.

22 Machi

Silinda imerudi kutoka kwa mkerezaji wa vyuma, imechongwa ndani na kuvikwa koti jipya la chuma. Inang'aa. Mama amepitisha mkono ndani yake na kuunusa.

25 Machi

Nimeisikia leo.

Ilikuwa alasiri, mvua kubwa, shemeji hajarudi. Nilikuwa jikoni nakata vitunguu. Ikaja kutoka upande wa mlima, nyembamba, inapanda, ikatulia juu. Nilizima jiko kwa sababu ndivyo nilivyokuwa nikifanya siku zote ili nipakue kabla hajafika. Kisha nikakumbuka kwamba injini iko sebuleni vipande vipande, pafu liko juu ya televisheni limefunikwa gazeti.

Nilikwenda sebuleni. Mama alikuwa amekaa wima, kichwa kakiinamisha upande. Tulitazamana. Mimi nikasema ni upepo kwenye bomba la kuteremshia maji, naye akasema ndiyo, bomba hilo lina ufa. Nikarudi kuwasha jiko. Tulipomaliza kula nilikwenda kulikagua bomba lile, halina ufa.

29 Machi

Shemeji ameanza kuvaa koti la ngozi la marehemu. Mvua inamlowesha njiani na lake halina zipu, kwa hiyo nilimruhusu mwenyewe, sina wa kumlaumu. Lakini leo mlango ulipofunguliwa nilikuwa nimeinama nafagia, nikaona mkono wa koti tu, nikasema, "Umerudi?" Nilisema kwa ile sauti ambayo sijaitumia tangu mwaka jana.

"Nimerudi," akajibu.

Akajibu polepole, kama mtu anayejaribu kiatu. Nikaenda kuoga ili nisionekane uso.

2 Aprili

Imewaka. Tuliisukuma uani chini ya bati, shemeji akapiga kiki mpaka jasho likamtoka, nikamimina petroli kidogo kwa kijiko, ikakohoa, ikapiga mlio mmoja wa bunduki, kisha ikashika. Mlio wake ulikuwa mzito, wa tumboni, bati zima linatetemeka. Nilijikuta nimepiga makofi. Pafu lilizunguka vizuri na mkanda haukuteleza.

Tukamtazama Mama aliyekuwa ameketi mlangoni.

"Siyo yeye," akasema.

Shemeji hakukata tamaa. Alinionyesha jeti, kikorokoro cha shaba chenye kitundu katikati, ambamo petroli inapita kwenda kuchanganyika na hewa. Ukiweka chenye tundu kubwa injini inashiba. Ukiweka chenye tundu dogo inakuwa na njaa. Ndivyo mafundi wanavyosema, shibe na njaa. "Nimeweka kubwa kwa usalama," alisema. "Nitaishusha kidogo kidogo mpaka nimpate."

Nilisikia amesema nimpate, si niipate. Nikadhani ulimi umeteleza.

5 Aprili

Jeti ndogo zaidi. Siyo yeye.

8 Aprili

Ndogo zaidi. Sauti imekuwa safi, imeacha kukohoa. Siyo yeye, lakini Mama aliuma mdomo kabla ya kusema.

9 Aprili

Mvua kutwa. Kazini mkate umegoma kuumuka.

12 Aprili

Fundi viatu wa ng'ambo ya barabara, ambaye hajawahi kuona jambo akalinyamazia, leo amemwita shemeji "Filimbi". Si kwa utani. Alikuwa ameinama anashona soli, pikipiki ikapita, akasema bila kuinua macho, "Filimbi, za kwako." Shemeji akaitikia.

Na si fundi viatu peke yake. Shemeji sasa anakaa kwenye kiti cha mume wangu mezani. Anatia chumvi kabla hajaonja. Anasafisha koo mara mbili kabla ya kuzungumza, na kwa tabia hiyo nilikuwa nikimgombeza mtu mwingine kabisa, mume wangu. Sijui kama anaiga au damu yao ndiyo inafanana. Mama naye anamtazama zaidi kuliko alivyokuwa akimtazama. Jana alimmegea nyama kutoka sahani yake.

17 Aprili

Amepanda mlimani kwa mara ya kwanza, si mpaka juu, katikati tu, mvua ikiwa imepumzika. Nilikuwa uani naanua nguo. Sauti ilipanda na nywele za mikono zikanisimama.

"Amekaribia," Mama akasema.

21 Aprili

Niseme ukweli hapa, kwa kuwa hapa hakuna anayenisikia. Nataka iimbe. Nilianza kwa kumhurumia Mama, lakini sasa nataka mimi. Kila jeti inapobadilishwa kuna kipande cha mume wangu kinarudi. Kilirudi kwanza kile kishindo cha asubuhi, kisha ile namna ya kukata kona kwa fundi viatu. Nimeanza kupika chakula cha watu wanne. Nikigundua, nakula kilichozidi mwenyewe, nimesimama, ili sufuria isionekane.

26 Aprili

Usiniulize nimeota nini.

28 Aprili

"Ndiye."

Mama alisema neno hilo moja, akajifunika uso kwa kanga. Ilikuwa uani, pikipiki imesimama kwenye stendi yake, shemeji amekamata ekseli, mpini wa kuongezea mwendo, na sauti ilipanda ikawa nyembamba, ikatulia pale pale ilipokuwa ikitulia. Mimi niliegemea ukuta. Nililia bila aibu, na shemeji naye alilia huku mkono haujaachia ekseli. Alipozima, Mama akamwita, akamshika mkono, akakaa nao muda mrefu mapajani mwake.

Jumamosi ya kwanza barabara ikikauka ataupanda mlima wote, ekseli yote mpaka kileleni, kama zamani. Fundi viatu ameshatangaza mtaani. Mama amesema siku hiyo atakula nje.

2 Mei

Leo nimesikia sauti ile ile kazini.

Tanuri letu linatumia mafuta. Kuna bomba linaloyarusha ndani kama mvuke, na kuna feni kubwa inayosukuma hewa nyuma yake. Kazi yangu, pamoja na kuingiza na kutoa mikate, ni kutazama moto. Moto mzuri ni wa manjano na unanguruma. Leo katikati ya zamu nilikuwa nimegeuka napanga sinia, nikasikia inaimba nyuma yangu. Nyembamba, ndefu, inapanda. Nilisimama na sinia mkononi. Nilitabasamu, Mungu anisamehe. Nilitabasamu kama mtu aliyeitwa kwa jina la nyumbani.

Mwenzangu wa zamu akapiga kelele kutoka mlangoni. "We dada, unangoja nini? Tanuri lina njaa hilo, litatuyeyushia mdomo wa bomba."

Nikageuka. Moto ulikuwa mweupe. Bomba la mafuta lilikuwa limeziba kidogo, feni inaendelea kusukuma hewa ile ile, na mafuta machache kwenye hewa nyingi yanawaka kwa ukali unaopita kiasi. Nimeliona jambo hilo mara nyingi. Tanuri likiwa hivyo lina sauti tamu kuliko siku zote, na ukiliacha linapasua matofali yake. Niligonga bomba kwa nyundo, mafuta yakafunguka, moto ukarudi manjano na sauti ikashuka, ikawa nzito. Ikawa ya kawaida.

Nilikaa juu ya gunia la unga. Nikaona machoni pangu tundu la pistoni, na kingo zake zilizotiririka. Mwenzangu aliuliza kama nina mimba.

3 Mei

Nilimkuta sebuleni anafuta rimu.

"Shemeji, hii injini ina njaa."

"Nani kakwambia?"

"Tanuri."

Akatabasamu kidogo, akaendelea kufuta. Nikamwambia afungue plagi inayotoa cheche nione. Alisita, kisha akaifungua. Nimeshika tochi vya kutosha nyumba hii kujua plagi nzuri inakuwa na rangi ya chai ya maziwa. Hii ilikuwa nyeupe, na kwenye weupe wake kulikuwa na chembe ndogo zinazometameta.

"Hizi ni nini?"

"Pistoni," alisema. "Inaanza kuyeyuka."

Mvua ilikuwa inapiga bati. Mama alikuwa chumbani kwake. Nikauliza kwa sauti ya chini, "Kwa hiyo oili haikuisha."

"Haikuisha."

"Wala si utelezi."

Akatia mkono mfukoni akatoa ile pistoni kwenye kitambaa chake. Ameibeba muda wote huu. "Iliyeyuka ikaganda ndani ya silinda, gurudumu likafunga. Nilijua siku ile tulipofungua. Nimeikuta jeti yake, ndogo kuliko zote. Alikuwa anaishusha, anaishusha, kila akiishusha inaimba vizuri zaidi. Hakujua."

"Na wewe unajua, na umeweka hiyo hiyo."

"Nikiweka kubwa si yeye. Umesikia mwenyewe, ni pikipiki ya mtu yeyote." Akasafisha koo mara mbili. "Nitakuwa mwangalifu. Ikishaimba kileleni naachia. Ni mlima mmoja tu."

"Naye aliona ni mlima mmoja."

Alianza kuifunga plagi, na mikono yake ambayo haijawahi kukosea nati ilikuwa inatafuta tundu lake. Kisha akasema maneno ambayo nitayaandika kama alivyoyasema.

"Shemeji, mwaka mzima Mama hajaniita kwa jina langu. Ananiita we, ananiita huyu. Ilipoimba alinishika mkono. Unadhani nitakwenda kumwambia kwamba sasa nitakuwa nampitia na mlio wa bodaboda?"

Nilitaka kumpiga kofi na nilitaka kumkumbatia. Nikachukua tochi yangu nikaenda kulala.

4 Mei

Nikimtazama shemeji sasa namwona yeye mwenyewe, si kaka yake. Yuko ndani ya lile koti, anazama, na mimi na Mama ndio tunaomsukuma kichwa chini.

6 Mei

Mvua. Iendelee.

8 Mei

Jua, kutwa nzima. Barabara inakauka. Fundi viatu ametoa viti nje na kuvipangusa.

10 Mei

Nimemwambia Mama.

Nilichelewa kwa sababu nilikuwa natafuta namna ya kumpunguzia, na hakuna namna. Shemeji alikuwa kazini. Mama alikuwa anachagua mchele kwenye ungo, nikakaa sakafuni karibu na miguu yake, nikamweleza kwa tanuri maana tanuri nalijua. Nikamwambia hewa nyingi na mafuta machache ndivyo vinavyotoa ile sauti. Nikamwambia moto unavyokuwa mweupe, na unavyoyeyusha kilicho mbele yake. Nikamwambia gurudumu lilifunga kwa sababu hiyo.

Vidole vyake viliacha kuchagua.

"Kwa hiyo haikuwa inaimba," akasema. "Ilikuwa inalia njaa."

"Ndiyo, Mama."

"Nami nakaa hapa sahani mbele yangu, sili mpaka ilie." Alitazama mchele. "Alikuwa akiingia ananiuliza, Mama, leo umeisikia? Nikimwambia leo ilikuwa chini kidogo, kesho yake anaifungua tena."

Sikumwambia kwamba si kosa lake. Angejua nadanganya, na mimi nilikuwa nikizima jiko kwa sauti hiyo hiyo. Nilisema tu, "Sote tuliipenda."

Kuku wa jirani aliingia, akadonoa mchele ulioanguka, akatoka, na hakuna aliyemfukuza.

"Huyu anajua?"

"Anajua."

"Na atapanda?"

"Atapanda kwa ajili yako. Anasema siku ilipoimba ndiyo siku pekee uliyomshika mkono."

Mama aliinua ungo akaupepeta mara moja, kwa nguvu, mchele ukaruka mpaka kwenye kochi. Kisha akaniambia nikatazame sufuria. Sikuwa na kitu jikoni, lakini nilikwenda.

Shemeji aliporudi Mama hakusema neno. Nami nalala hivi, sijui amekata shauri gani. Kama anataka bado kuisikia sauti ile mara moja, sitakuwa na la kufanya. Nimeitoa jeti kubwa kwenye kopo la nati na kuifunga kwenye ncha ya kanga yangu. Asubuhi kama ni lazima nitalala mbele ya gurudumu.

11 Mei

Barabara ilikuwa kavu. Watu wa mtaa walikuwa nje, fundi viatu mbele yao. Shemeji aliisukuma pikipiki mpaka mlangoni, akapiga kiki mara moja tu, ikashika. Akavuta ekseli kidogo na ile sauti ikatoka. Watu walishangilia. Nilikuwa nimeshasogea kwenye gurudumu la mbele.

Ndipo Mama alipoinuka. Alikuwa hajasimama bila kushikwa tangu mvua zianze. Aliupita ukuta bila kuushika, akaupita mkono niliomnyooshea, akafika akaweka kiganja juu ya tangi.

"Zima," akasema.

Shemeji akazima.

"Mlishe."

"Mama?"

"Mlishe huyu. Weka hiyo kubwa."

Shemeji alinitazama mimi, akajua nimesema. Kisha akamtazama mama yake. "Nikiiweka hutamsikia," alisema. "Sitaweza kuirudisha tena ile sauti, Mama. Si leo, si siku nyingine. Nikiirudisha ni kifo."

"Nimeelewa. Mwanangu huyu kanieleza kwa mikate." Kiganja hakikutoka juu ya tangi. "Nilikuwa nataka kumsikia anafika. Hakufika. Sasa nataka wewe ushuke."

Nilifungua ncha ya kanga nikampa jeti. Alipiga magoti palepale barabarani. Nikachukua tochi nikammulikia, jua likiwa kali utosini, kwa mazoea tu, na fundi viatu akacheka lakini hakuna aliyemfuata. Shemeji alikuwa analia. Bisibisi iliteleza mara mbili. Alipomaliza alichukua ile jeti ndogo, akainuka, akampa Mama, naye akaipokea bila kuitazama.

Ikawaka. Ilikuwa na mlio wa chini, wa kushiba, hauna chochote ndani yake ninachokijua. Akaondoka. Ilikata kona, ikaanza kupanda, na tuliisikiliza wote, sauti nene inakwenda bila kubadilika. Watu walikuwa wanangoja. "Mbona haiimbi?" fundi viatu akauliza, na mkewe akamkanyaga mguu. Ikafika kileleni ikiwa vile vile, ikavuka upande wa pili, ikapotea.

Wakati huo nilijaribu kuikumbuka ile sauti nyingine, ili niiweke mahali. Nilipata sauti ya tanuri. Nilijaribu tena, nikapata bomba la maji. Mume wangu alikuwa anaondoka hapo hapo, mbele ya watu, na hakuna aliyemwona isipokuwa sisi wawili.

"Leo ndiyo nimemzika," Mama akasema. Nilimkalisha kwenye kiti cha fundi viatu. Alikuwa mwepesi mno.

Kisha mlio ule mnene ukarudi kutoka upande wa mlima, ukakua, akatokea kwenye kona, mzima, vumbi mpaka mashavuni. Akasimama mbele yetu, akaacha injini inanguruma taratibu. Alikuwa anamtazama mama yake kama mtu anayesubiri kusomewa hukumu. Mama alimtazama usoni, akainama kidogo akaisikiliza injini, akamtazama tena. Akamwita kwa jina lake, lile alilompa siku ya kuzaliwa, ambalo hata mimi nilikuwa sijalisikia mwaka mzima.

"Pita tena," akamwambia. "Polepole. Bado sijakuzoea."